Pikapu inamisi tangu ibadilishwe injini

*Pikapu yangu niliipandikiza injini ya petroli ya silinda nne. Tangu hapo inamisi ikipanda mlima. Plagi nimebadilisha, wapi! – Msomaji, Iringa*

Pole, ndugu. Kumisi mlimani mara nyingi ni moto hafifu au petroli haitoshi. Ningeanza na waya wa eathi: kwenye kupandikiza, baadhi ya mafundi huufunga juu ya rangi. Kwaruza mpaka chuma king'ae, ukaze. Kisha fundi asome kompyuta ya gari. Kodi P0303, kwa mfano, ina maana silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Kama kila silinda ina koili yake, badilisha koili ya tatu na ya pili. Ikigeuka P0302, koili imekufa. Isipohama, apime kompresheni, nozeli na presha ya pampu. Taa ya injini ikimwekamweka, simama: petroli isiyoungua huharibu kataliti.