SOMO: Asiyeona Atembee Mwenyewe Nyumbani



Walawi 19:14 inatukataza kumwekea kipofu kikwazo. Tunasoma, tunasema hilo halituhusu. Lakini tukishavuna, magunia ya mahindi yanawekwa wapi? Si hapo sebuleni? Kesho yanasogezwa, jembe linaachwa mlangoni, na nyanya asiyeona anaanguka. Mwishowe anakaa tu kitini, na mjukuu anakosa shule ili ampeleke choo.

Kwanza apimwe macho. Mtoto wa jicho ndio chanzo kikubwa cha upofu duniani, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga, hufanya kazi hiyo.

Ikiwa macho hayaponi, fanyeni hivi:

1. Kila kitu na mahali pake. Kikihamishwa, aambiwe. Mlango ufunguliwe wote au ufungwe wote. Ulio nusu humgonga usoni.

2. Kamba. Ifungwe toka mlangoni hadi chooni, usawa wa kiuno. Pigeni fundo kabla ya mtaro au ngazi, mkono umwonye.

3. Ukuta. Ndani aufuate kwa mgongo wa vidole, mkono wa pili ukikinga uso.

4. Chokaa. Wengine huona kidogo. Pakeni ukingo wa ngazi na fremu za milango.

5. Fimbo nyeupe. Iwe nyepesi, ifike kifuani. Aipeleke kushoto na kulia, upana wa mabega. Mguu wa kushoto ukienda mbele, fimbo iguse kulia.

6. Kumwongoza. Usimvute. Akushike juu ya kiwiko, umtangulie nusu hatua. Usiseme "pale", sema "mlango uko kulia kwako".

Siku hizi kuna simu zinazoongea na fimbo zenye mitambo ya kutambua vizuizi. Ni nzuri, ila simu inayotegemea setilaiti hupotea ndani ya nyumba, maana mawimbi hayapenyi vizuri paa la mabati. Kamba haihitaji chaji.

Maswali ya kujadili

1. Hapa Mabanga, nani kati ya jirani zetu haoni? Tumemuuliza yeye mwenyewe anashindwa kufika wapi?

2. Kikundi kitatoa siku gani kutengeneza njia yake ya choo? Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe duniani, tusingoje ipite.

3. Kanisani je, akija peke yake, atafika kitini bila kujikwaa?