Supu ya mboga isiyo chungu

Swali: Shangazi, nikichemsha mabaki ya mboga nipate supu ya kupikia wali, huwa chungu. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, usitie kabichi wala sukuma wiki, zikichemka sana huleta uchungu. Chukua vitunguu maji 2, karoti 2, nyanya 1, punje chache za kitunguu saumu na mabua ya giligilani. Osha vizuri, katakata, kaanga kidogo kwa mafuta bila kuunguza. Mimina maji baridi lita 2, tia pilipili manga, kisha acha ichemke taratibu kwa dakika 45 tu. Chuja bila kukamua mboga. Chumvi utatia kwenye chakula chenyewe. Ikipoa, iweke kwenye friji na uitumie ndani ya siku 3.