SOMO: PROGRAMU YA KOMPYUTA NI MALI YA NANI?



Tuchukue mafundi cherehani wawili wa soko la Owino, Kampala. Kila mmoja anachora kipimo chake cha suruali na kumficha jirani. Kazi moja inafanywa mara mbili.

Ndivyo zilivyo kampuni nyingi za programu za kompyuta. Mfanyakazi anaandika programu, lakini kwa mkataba wake maandishi yale ni mali ya tajiri. Akihamia kampuni nyingine, anaandika upya jambo lile lile, na gharama yake inamwangukia mnunuzi.

Programu huria maandishi yake yako wazi. Yeyote aweza kuyatumia na kuyarekebisha. OpenMRS, ya kutunza habari za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 na kutumika mapema Eldoret, Kenya. Leo vituo vya afya vya Uganda vinaitumia bila kuanza upya.

Lakini huria si kazi ya bure. Anayeirekebisha naye analipa kodi ya nyumba, na matajiri wakubwa nao huichuma.

Basi chama kikitaka programu ya hesabu za michango, tuulize kabla ya kutia sahihi: maandishi yake tutapewa? Fundi akiondoka, mwingine ataweza kuitengeneza, na kwa mshahara gani?