Mafunzo kwa Mafundi: Kutengeneza Fremu za Miwani Katika Karakana Ndogo

Mchumaji chai katika sehemu za juu za Manyatta lazima aone vizuri majani mawili na chipukizi. Mkulima wa kahawa lazima atofautishe buni mbivu na ile ambayo haijaiva. Fundi cherehani mjini Embu lazima atunge uzi kwenye sindano. Mtu akifika umri wa miaka 40 hivi, uwezo wa kuona vitu vya karibu huanza kupungua, na kazi hizi zote huwa nzito.

Hasara yake imewahi kupimwa. Utafiti uliofanywa Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wachumaji chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao ya siku kuliko wenzao ambao hawakupewa, kwa tofauti ya asilimia 21.7. Shamba lilikuwa lile lile na mikono ile ile.

Miwani ina sehemu mbili: lenzi na fremu. Lenzi huagizwa kwa kufuata karatasi ya mtaalamu wa macho. Fremu yaweza kutengenezwa na fundi wa hapa nyumbani mwenye mkono makini.

Kusoma namba za fremu

Ndani ya mkono wa miwani nyingi huwa kuna namba tatu, kwa mfano 52-18-140. Zote ni milimita. Ya kwanza ni upana wa tundu la lenzi, ya pili ni upana wa daraja la pua, na ya tatu ni urefu wa mkono.

Kipimo kingine muhimu ni umbali kati ya mboni mbili za mteja. Fundi na mteja huketi wakitazamana, umbali wa sentimita 40 hivi. Fundi hufumba jicho lake la kulia, na mteja hutazama jicho la kushoto la fundi. Sifuri ya rula huwekwa katikati ya mboni ya kulia ya mteja. Kisha fundi, bila kusogeza rula, hufumba jicho la kushoto na kufumbua la kulia. Mteja hulitazama hilo, na fundi husoma namba iliyo katikati ya mboni ya kushoto. Kipimo hiki hurudiwa mara tatu.

Hapa ndipo mafundi wengi wapya hukosea. Tuseme mteja ana umbali wa milimita 62. Katika fremu ya 52-18, umbali kati ya vituo vya matundu mawili ni 52 + 18, yaani 70. Tofauti ni milimita 8, kwa hivyo kila lenzi italazimika kusogezwa ndani milimita 4. Isiposogezwa, mteja hutazama kando ya kitovu cha lenzi; macho huchoka na kichwa huuma, hasa lenzi ikiwa na nguvu nyingi. Fremu ya 46-18 humpa 64, na kila lenzi husogea milimita 1 tu. Fremu kubwa inaweza kupendeza, lakini inayomfaa mteja ni ile inayolingana na uso wake.

Hatua za kazi

Malighafi inayotumika sana ni bamba la asetati, plastiki inayotokana na pamba au mbao. Vifaa ni msumeno mwembamba wa kukatia maumbo, tupa ndogo, msasa, drili na bisibisi ndogo.

1. Chora nusu moja ya fremu kwenye karatasi, ikunje katikati ya daraja la pua, kisha kata. Kwa njia hii pande mbili hulingana.

2. Bandika mchoro kwenye bamba. Kata matundu ya lenzi kwanza, bamba likiwa bado imara, halafu ukate umbo la nje. Acha tundu liwe dogo kidogo, ulimalizie kwa tupa.

3. Chimba mfereji mwembamba ndani ya tundu. Huo ndio unaoshika ukingo wa lenzi.

4. Lainisha kwa tupa, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini zaidi, na mwisho kitambaa chenye dawa ya kung'arisha. Mahali panapogusa pua pasiwe na kona kali.

5. Funga bawaba na mikono. Fungua miwani na uiweke mezani: ncha zote mbili za mikono ziguse meza. Moja ikiinuka, fremu imepinda.

6. Pasha fremu kwa mchanga safi mkavu wenye moto wa kadiri mpaka ilegee, kisha ingiza lenzi. Usitumie mwali wa moto, maana asetati huungua na kutoa mapovu.

Fundi avae barakoa na miwani ya kujikinga anapokata na kupiga msasa. Asetoni isiguse fremu wala lenzi za plastiki, kwani huziharibu.

Njia ya waya

Mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka Erlangen, Ujerumani, Martin Aufmuth, alibuni kifaa cha mkono cha kukunja waya wa chuma cha springi kuwa fremu. Hakihitaji umeme, na lenzi zilizokatwa tayari hubanwa tu mahali pake. Malighafi ya miwani moja hugharimu takriban dola moja ya Marekani. Shirika alilolianzisha mwaka 2012 limewafunza mafundi katika nchi kama Malawi na Burkina Faso. Jirani zetu Uganda nao, kampuni ya Wazi Vision iliyoanzishwa na Brenda Katwesigye ilitengeneza fremu kwa plastiki iliyokwisha kutumika.

Mpaka wa fundi

Fundi wa fremu hapimi macho wala haamui nguvu ya lenzi. Macho mekundu yenye maumivu, kuona kunakopungua ghafla, au ukungu kwenye mboni si kazi ya karakana. Mteja huyo aelekezwe hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto anayesogelea ubao au kufumba jicho moja akisoma. Jicho la mtoto lisiposaidiwa mapema laweza kubaki dhaifu maisha yote, hata akipewa miwani baadaye.

Anayetaka kuanza si lazima aanze na fremu nzima. Kubadilisha skrubu, bawaba na vishikio vya pua, na kunyoosha mikono iliyopinda, humfundisha fundi maumbo ya nyuso za watu na kumpa wateja wa kwanza. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya afya vya kaunti viko mikononi mwa serikali za kaunti. Vijana wa Kirimari, Kithimu, Nginda, Mbeti Kaskazini, Gaturi Kusini na Ruguru-Ngandori wanashauriwa kuanzia chuo kilicho karibu nao kujifunza kushika tupa, msumeno na rula ya milimita.