Tochi ya LED: namna ya kufikisha mwangaza mbali

Ndugu wakulima wa Opala, mupunga ukikaribia kukomaa, simbiliki wanaingia shambani usiku. Tochi ya LED inamulika karibu tu, juu mwangaza wake unatawanyika. Si lazima kuongeza batri, kusanya mwangaza.

1. Chagua tochi ya LED moja. Zikiwa nyingi, kila moja inatupa doa lake.

2. Kamata kioo cha kukuzia maandiko. Kiweke kwenye jua juu ya karatasi, sogeza mpaka doa liwe dogo kabisa. Pima kutoka kioo mpaka karatasi. Tuseme sentimita 8.

3. Toa kile kikombe cha kung'aa. Funga kioo sentimita 8 mbele ya LED, ndani ya kipande cha bomba. Usiku lenga muti wa mbali, sogeza kidogo kidogo mpaka doa liwe dogo na wazi, kisha kaza.

Angalia: kwa kufika mbali mara 2, mwangaza wa katikati lazima uwe na nguvu mara 4. Doa linakuwa jembamba. Kwa kutembea, toa kioo, uone nyoka miguuni. Usimulike mtu machoni. Mchana funika kioo: jua likipita ndani, linaweza kuwasha nyasi za nyumba.