Tuulize Kabla ya Kutia Sahihi

Somo la mwezi kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba. Kwanza yasomwe haya: Yeremia 32:6–15, Luka 18:1–8, 1 Wakorintho 6:1–8.



Huenda wengine watashangaa kuliona somo hili katika gazeti la parishi. Ni somo juu ya sheria: ni mambo gani ya kila siku yanayoweza kumalizwa nyumbani au mbele ya wazee, na ni yapi yatupasa kuyapeleka kwa wakili au kwa msaidizi wa kisheria. Tumelichagua kwa sababu ya kosa letu wenyewe, nasi tunalieleza ili lisirudiwe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alikuja kwetu sisi wazee wa kanisa. Arobaini ya mumewe ilikuwa bado. Shemeji zake walikuwa wamemletea karatasi, wakamwambia atie dole gumba ili mafao ya marehemu yafuatiliwe. Mama yule hajui kusoma vema. Aliingiwa na mashaka, akatuuliza afanye nini. Sisi hatukuomba hata kuiona karatasi. Tulimwambia, "Mama, usigombane na ndugu za mumeo wakati wa msiba. Mwombe Mungu, naye atawapatanisha." Akatutii.

Karatasi ile ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo, uliompendekeza shemeji mmoja awe msimamizi wa mirathi. Mahakama ilibandika tangazo, siku zake zikapita pasipo mtu kupinga, naye akateuliwa. Kabla ya mwaka kwisha shamba lilikuwa limeuzwa. Baadaye msaidizi wa kisheria alimwongoza mama yule kurudi mahakamani kuomba uteuzi ule utenguliwe, na nyumba ikaokoka. Shamba halikurudi.

Mama yule hakutulaumu. Sisi ndio tunaojilaumu. Tulimpa maneno ya amani juu ya jambo tusilolijua, naye akapoteza shamba kwa kututii.

NABII NA HATI YA SHAMBA

Tutazame Yeremia 32. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na adui, na Yeremia mwenyewe ni mfungwa. Hanameli, mwana wa Shalumu ami yake, anamjia ili amuuzie shamba lililoko Anathothi. Yeremia anajua kwamba hilo ni neno la Bwana. Basi, je, anasema, "Huyu ni ndugu yangu, na Mungu ameshasema, karatasi ya nini"? Sivyo. Anapima fedha, shekeli 17. Anaandika hati na kuitia muhuri. Anaita mashahidi. Kisha anampa Baruku hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, mbele ya mashahidi hao, aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Nabii hakuona kwamba hati na mashahidi ni dalili ya upungufu wa imani, wala hakuona ni kumtukana ndugu yake. Kwake hati ile ilikuwa ushuhuda kwamba siku za amani zitakuja, na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi.

JE, MKRISTO AWEZA KWENDA KWA WAKILI?

Wapo wanaojibu upesi kwa 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawakemea Wakristo wanaoshitakiana. Lakini tuusome mlango wote. Paulo anawakemea hasa kwa sababu wanadhulumiana wao kwa wao. Neno hilo linamhusu kwanza yule anayemnyang'anya mjane shamba, ndipo limhusu mjane. Tena Paulo mwenyewe, alipotaka kupigwa mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa (Matendo 22:25). Na baadaye akakata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Naye mjane wa Luka 18 hakukaa nyumbani kwake. Alimwendea kadhi mara kwa mara, na Bwana wetu akamfanya mfano wa kuomba bila kukata tamaa.

MAMBO YA WAZEE

Ugomvi wa majirani, maneno makali kati ya mume na mke, deni dogo ambalo mdaiwa analikubali, mpaka ambao pande zote mbili wanaujua: haya wazee wanaweza kuyamaliza, na ni heri wayamalize. Sheria yenyewe yaheshimu upatanisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, shauri la wanandoa lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Na tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha, si kutoa hukumu. Wazee nao wakipatanisha watu, makubaliano yaandikwe, tarehe iwekwe, na kila upande ubaki na nakala.

Lakini kuna mambo ambayo wazee hawana ruhusa ya kuyafanyia kikao. Mtoto akinajisiwa, au mke akipigwa na kuumizwa, hiyo ni jinai. Apelekwe hospitali na polisi siku ile ile. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Anayepokea mbuzi au fedha ili jambo la namna hiyo lifichwe, anashiriki katika dhambi.

MAMBO YA KUULIZIA KWA ANAYEJUA SHERIA

Tunasema hapa juu ya Tanzania Bara. Zanzibar wanazo sheria zao za ardhi na mirathi.

1. Mirathi na wosia. Ukoo unaweza kumpendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Msimamizi si mrithi kwa sababu tu ni msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, kisha kupeleka hesabu mahakamani. Mjane au mtoto asiyeridhika anaweza kuweka pingamizi, na msimamizi mbaya anaweza kuondolewa. Mtu asitie sahihi kwenye muhtasari wa ukoo kabla ya kusomewa wote na mtu anayemwamini.

Tena tuandike wosia tukiwa wazima. Wosia hauleti kifo. Mwenye wosia autie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika. Na kwa asiyejua kusoma, sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zataka mashahidi wasiopungua wanne. Ni vema shahidi asiwe mrithi. Wosia unaweza kuwekwa kwa wakili au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mwenye mali mahali pengi, au watoto wa mama zaidi ya mmoja, asiandike peke yake. Amwone wakili.

2. Ardhi. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ndizo zinazotawala jambo hili. Katika kijiji, kuuza na kununua kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake si halmashauri, hata akiwa na mhuri mfukoni. Kabla ya kutoa fedha, nenda ukaone shamba, waulize majirani wa pande zote nne, uliza kama muuzaji ana mke au mume, na kama ardhi ni ya urithi ambao haujagawanywa. Kwa kiwanja chenye hati, upekuzi ufanywe katika ofisi ya ardhi, na wakili aandike mkataba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine.

3. Nyumba ya ndoa. Mume au mke hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani nyumba wanamoishi bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mke akiletewa karatasi ya mkopo wa benki, ajue kwamba sahihi yake ina uzito: mkopo usipolipwa, nyumba itapigwa mnada. Tena ndoa ikivunjika, mama asidhani hana chake kwa kuwa hakuajiriwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia.

4. Kazi. Mfanyakazi akiachishwa asisaini barua inayosema ameacha kwa hiari yake, kama sivyo. Malalamiko yapelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

5. Polisi na mahakama. Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa kosa lako na kumjulisha ndugu au wakili. Dhamana hainunuliwi. Ukipata hati ya kuitwa mahakamani, usiiweke chini ya godoro. Usipofika, shauri laweza kuamuliwa bila wewe.

SIKU ZINAHESABIWA

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunasema, "Mungu yupo, haki haipotei." Mbele za Mungu haipotei, lakini mahakamani dai laweza kukataliwa kwa kuchelewa tu. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30. Rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Rufani kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Dai la mkataba ni miaka 6. Dai la kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Basi aliyemwachia jirani shamba kwa maneno matupu asingoje hadi wajukuu waanze kuulizana.

KUMPATA WAKILI WA KWELI

Wakili halali yumo katika orodha ya mawakili, na ana cheti cha kufanyia kazi kinachohuishwa kila mwaka. Usione haya kumwuliza. Mahakama imeiweka orodha katika mtandao, na Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, chaweza pia kuulizwa. Wale wanaozunguka katika viunga vya mahakama wakiahidi "kumwona hakimu" ni vishoka. Wakimbieni. Patana na wakili malipo kwa maandishi, na kila unapolipa upewe stakabadhi. Mpe nakala za hati, na hati halisi ubaki nazo, isipokuwa zinahitajika mahakamani. Na hapo akuandikie kwamba amezipokea.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na ushauri bure, ingawa hawasimami mahakamani kama mawakili. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itakuonyesha walipo. Tena, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ukiletewa mkataba kwa Kiingereza usichokijua, sema bila haya, "Nisomewe kwa Kiswahili kwanza." Anayekataa kukusomea amekwisha kukuonya.

Basi, sisi wazee tumejiwekea kanuni hii: mtu akituletea karatasi, tutaomba kuisoma kabla ya kutoa shauri, na kama hatuielewi, tutasema hatuielewi, kisha mmoja wetu atafuatana naye kwa anayejua. Kuomba tutaomba, lakini tutaomba njiani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Yeremia aliandika hati na kuita mashahidi, ingawa muuzaji alikuwa ndugu yake?
2. Hati zenu za nyumba, za ndoa na za kuzaliwa za watoto ziko wapi leo? "Chombo cha udongo" chenu ni nini, na nani mwingine anajua kilipo?
3. Yuko mjane au yatima katika kikundi chenu ambaye mirathi haijafunguliwa? Nani atakwenda kumwona juma hili?
4. Soma Hesabu 27:1–7. Binti za Selofehadi walifanya nini walipoona watanyimwa urithi wa baba yao, na Bwana aliamuaje?

TUOMBE

Ee Mungu, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, utusamehe kwa shauri tulilolitoa pasipo kujua. Utupe hekima ya kuuliza, ujasiri wa kusema kweli, na miguu ya kufuatana na wanyonge hadi mlangoni pa haki. Uwaongoze mahakimu na mawakili wetu wasipende rushwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.