Somo la Wazazi: Mtoto Anayeuma Wenzake

Somo la leo ni la nyumba zenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, wale tunaowapokea asubuhi katika kituo cha watoto wakati mama zao wako shambani au sokoni.

Limetokana na jambo lililotusumbua sana. Mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu alianza kuuma wenzake. Siku ya kwanza aliuma mkono, siku ya tatu akauma shavu na damu ikatoka. Akina mama wawili wakaja wakasema: mtoto huyu aondoke, la sivyo tutawatoa wetu. Hapo tulikosea. Tulimwambia mama yake akae naye nyumbani wiki moja. Akamchukua kwa aibu, akampiga, na jirani akaanza kunong'ona kwamba mtoto yule "ana kitu". Sisi tuliotoka Kongo tunajua neno hilo linaishia wapi. Kuna watoto walionyimwa chakula, waliofungiwa, waliofukuzwa kwao kwa sababu ya neno kama hilo, na mara nyingine lilitoka katika kinywa cha mtu wa maombi.

Kwa hiyo tuseme wazi. Mtoto wa umri huo anayeuma, anayepiga au anayejitupa chini si mchawi. Kuuma ni jambo la kawaida kati ya mwaka 1 na miaka 3, kwa watoto wa matajiri na wa maskini. Mtoto anataka kikombe, mwenzake amekishika, maneno ya kuomba hana bado, lakini meno anayo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Hapa Zambia pia, kumwita mtu mchawi ni kosa mbele ya sheria. Anayenong'ona ajue hilo.

Baada ya siku chache tulimwendea mama yule, tukaomba radhi, tukakaa naye na kuuliza polepole. Tulijifunza mengi. Baba alikuwa ameondoka wiki tatu kwenda Chisenga kununua chisense. Mtoto mchanga alikuwa amezaliwa, na huyu mkubwa alitolewa mgongoni na kitandani siku moja. Nyumbani anasikia Kitabwa na Kiswahili, lakini mama mwalimu wake anasema Kibemba. Tena tulipokumbuka vizuri tuliona kwamba aliuma karibu kila mara kabla ya uji, tumbo likiwa tupu.

Hatukumfukuza tena. Mama mwalimu mmoja alikaa karibu naye saa ile ya njaa, na uji ukatangulizwa kidogo. Tulimfundisha neno moja tu, "leta", maana Kibemba na Kiswahili wanalisema sawasawa, na kunyoosha mkono wazi anapoomba. Akifungua kinywa kutaka kuuma, mwalimu anapiga magoti, anamzuia kwa upole, anamtazama usoni na kusema: "Hapana, inauma." Basi, hotuba haihitajiki. Aliyeumwa ndiye anayebembelezwa kwanza na kuoshwa kwa maji na sabuni. Ngozi ikipasuka anapelekwa kliniki siku ileile. Tusimwume mtoto "aonje uchungu", kama wengine wanavyoshauri. Anachojifunza ni kwamba hata wakubwa wanauma.

Ilichukua zaidi ya mwezi, na kuna siku alirudia. Wazazi wavumilie hapo.

Ndugu wengine wanatuuliza juu ya fimbo, wakitaja Mithali 13:24. Tunawaomba wasome pia Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, ambapo Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto hata wakate tamaa. Nidhamu ni lazima, hatupingi. Lakini mtoto wa miaka miwili anayepigwa jioni kwa kosa la asubuhi hawezi kuunganisha mambo hayo mawili, anajua tu kwamba mama amekuwa wa kuogopwa. Tena Sheria ya Watoto ya Zambia ya mwaka 2022 inakataza kumwadhibu mtoto kwa kipigo.

Kuna jambo jingine tunalisema kwa uzito. Tangu Mantapala ilipofunguliwa mwaka 2018, watoto wengi wamezaliwa hapa. Hawakuona vita, ila wanaishi na sisi tulioiona. Mzazi asiyelala usiku, anayeshtuka kwa kelele kidogo, hukasirika upesi, na mtoto huona. Mzazi wa namna hiyo aje azungumze na wazee wa kanisa au na wauguzi wa kliniki. Si aibu.

Mtoto asiyegeuka akiitwa, anayetokwa usaha masikioni, au aliyefika miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili, apelekwe kliniki apimwe masikio. Asiyesikia vizuri huitwa mkaidi bure.

Na ninyi mnaoleta watoto asubuhi, msitoroke kwa mlango wa nyuma mtoto akigeuka. Mwageni, hata akilia, mwambieni mtarudi baada ya uji na usingizi, kisha mrudi kweli saa hiyo. Mtuambie pia mlangoni kama amelala vibaya, kama hakula jana, au kama baba amesafiri. Tutampangia mwalimu wa kukaa naye karibu siku hiyo.